Malaika Wanaotazama Upande wa Pili

Baba yangu, Mzee Salehe, ni fundi rangi wa hapa Tanga, na kwa zaidi ya miaka ishirini watu wa mtaani wamemwita Salehe Malaika. Si jina la sifa. Alikwenda Durban, Afrika Kusini, nikiwa na miaka saba, akakaa miaka sita, na aliporudi hakuja na gari, wala friji, wala hata redio ya maana. Alikuja na hadithi. Alisema alipaka rangi kanisa ambalo ndani yake lilimetameta dhahabu tupu, na kwamba darini mwake alichora malaika kumi na mmoja bila kuchora uso hata mmoja, kwa sababu yeye ni Mwislamu na nyuso za viumbe hachori.

Waliomsikia waligawanyika. Wengine walisema anatia chumvi; malaika gani asiye na uso, huyu bwana alikuwa akiosha vyombo hotelini au alikuwa amefungwa. Wengine walimwamini, na hao ndio waliomuumiza zaidi, kwa kuwa walimwona ameiuza dini yake akachore masanamu ya watu wengine. Msikiti wetu ulipopakwa rangi upya, fundi aliletwa kutoka Muheza, na baba yupo pale pale, nyumba ya pili kutoka msikitini.

Mimi nilikuwa katika kundi langu peke yangu, la wenye haya. Wiki ya harusi yangu, wageni wa upande wa mume wameketi barazani, baba akakohoa akaanza, "Kule Durban..." Nikamvuta pembeni. Nikamwambia, "Baba, hadithi hiyo leo naomba uiache. Unatuaibisha." Akasema, "Haya, mwanangu." Tangu siku hiyo hakuisimulia tena, kwangu wala kwa mtu mwingine, na ile "haya, mwanangu" nimeishi nayo kifuani miaka kumi na minne.

Kwa hiyo mdogo wangu Jumaa, aliyezaliwa baada ya baba kurudi na ambaye sasa yeye mwenyewe anafanya kazi bandarini Durban, aliponialika likizo ya Juni, sikungoja aseme mara ya pili. Walimu wenzangu niliwaambia nakwenda kutalii. Ukweli ni kwamba nilitaka kujua jambo moja tu, kama baba yangu alisema kweli au alitudanganya. Kama alisema kweli, nilikuwa na radhi ya kuomba, na mzee hazidi kuwa kijana.

Tanga, Jumatano alfajiri. Baba alinisindikiza stendi. Hakuniuliza kama nitalitafuta kanisa, nami sikumwambia. Alilizunguka basi mara moja, akalipapasa ubavuni, akasema, "Hili limepakwa bila kupigwa msasa. Nenda salama." Nikapanda. Dar es Salaam nilipata ndege ya jioni, na usiku ule nililala Johannesburg katika nyumba ya wageni yenye baridi ya kung'ata mifupa, nimevaa nguo zangu zote nilizobeba.

Alhamisi, njiani. Basi la kwenda Durban liliondoka asubuhi. Nyasi za huko mwezi wa sita huwa kavu, rangi ya mkate, na vilima vinafuatana mpaka unachoka kuvitazama. Nikawa nakumbuka kaseti. Miaka ile baba hakuandika barua, alirekodi kaseti na kuwapa watu waliorudi nyumbani. Tulikaa mama na mimi sakafuni, redio katikati, tukimsikiliza akitaja majina yetu. Sauti yake ilikuwa na mwangwi wa ajabu, neno likitoka linarudi tena kwa mbali. Mama alikuwa akisema, "Baba yako anaongea kutoka ndani ya simtangi la maji." Tulicheka mpaka machozi, halafu machozi yakabaki na kicheko kikaisha. Mama hayupo tena, na kaseti ziliharibika zamani kwa unyevu. Tulipoanza kuteremka kuelekea pwani hewa ikawa nzito na ya uvuguvugu, kama ya kwetu, nikavua koti.

Durban, jioni ile ile. Jumaa anakaa mtaa wa Point, katika ghorofa la zamani karibu na bandari. Kutoka dirishani kwake unaona makontena yamepangwa rangi rangi na winchi zinazozunguka mchana kutwa.

"Karibu dada. Lifti imekufa, tunapanda kwa miguu," alisema, na begi langu keshalitia begani. Ghorofa ya tatu tulipita kwenye harufu ya samaki wa kukaanga, ya nne mtu alikuwa anapika pilau, na nilipofika ya tano nilikuwa nahema kiasi cha kushindwa kusalimia.

Baada ya kula nikamuuliza, "Jumaa, miaka minne uko hapa. Kanisa la baba hujakwenda kulitazama?"

"Kazi, dada."

"Miaka minne kazi?"

 Akakusanya sahani, akazirudisha tena mezani. "Niliogopa," akasema. "Nikienda nisilikute je? Hapa kazini wakinichokoza ninasema baba yangu alifanya kazi kubwa mji huu. Bora nibaki sijui." Sikumcheka. Yule mtu mzima wa kubeba mizigo ya meli aliniangalia kama siku niliyokuwa nikimfundisha kusoma.

Hata hivyo alikuwa ameulizia. Jirani yake husukwa nywele kwa Mama Odette, Mkongo mwenye saluni ndogo, ambaye siku za Jumamosi huwatembeza wageni katika kanisa moja la Kikatoliki lenye mapambo mengi, juu ya kilima nyuma ya viwanda vya eneo la Jacobs. Wamisionari waliolijenga walitoka kusini mwa Ujerumani, na walitaka liwe kama makanisa ya kwao, ya mtindo wa Baroko na Rokoko, wa dhahabu na mapambo ya kujikunja.

Jumamosi, saa tatu asubuhi. Zamu ya Jumaa iligongana na safari yangu, au ndivyo alivyosema. Aliniingiza kwenye taxi, daladala ya huko, akanipa maelekezo kupitia dirishani: "Ukimaliza viwanda, robot ya pili, taa za barabarani, unashuka. Halafu panda kilima tu, utaliona. Sharp?"

"Sharp," nikamjibu, kama mwenyeji.

Jacobs ilinuka rangi na mpira. Nilipanda kilima nikilifikiria kanisa la dhahabu, na nilipolifikia moyo ulinishuka. Kwa nje lilikuwa kuta nyeupe zilizopauka na paa la bati jekundu, kitu cha kuhifadhia pamba. Nikajisemea, Zuhura, umekuja kote huku kuja kuthibitisha kuwa baba yako ni mwongo.

Mlangoni alisimama mwanamke mnene wa makamo, kitenge kimekaa sawasawa, miwani kifuani kwa mkufu. Pembeni yake walikuwa Wazungu wawili wazee, mume na mke, wakingoja.

"Karibu mama," akaniambia nilipomwamkia. "Unatoka Tanzania, Kiswahili chako kinakusema. Miye ni Odette, wa Bukavu. Na mtandio wako ubaki tu, hapa hakuna shida. Ila usiguse kitu. Ingia polepole, sababu macho itachoka."

Niliingia, na macho kweli yakachoka. Hakuna mstari ulionyooka katika kanisa lile. Kila kitu kilijikunja: majani ya dhahabu, makombe ya bahari ya dhahabu, kamba za maua zilizoshuka kutoka dirisha hadi dirisha. Mimbari ilining'inia ukutani kama tone linalotaka kudondoka. Mawingu ya plasta yalivuka mpaka wa dari yakamwagika ukutani, na mguu wa mtoto mmoja wa malaika, wa plasta tupu, ulining'inia nje ya fremu kana kwamba mwenyewe amechoka kukaa. Nakiri jambo la kwanza lililonijia ni kicheko. Ilikuwa keki ya harusi, na mimi nimeingizwa ndani yake. Kisha mwanga ukapita dirishani, dhahabu yote ikaamka kwa pamoja, na kicheko kikaniisha.

Mama Odette alianza maelezo yake, Kiingereza kwa wale wazee na Kiswahili kwangu. "Nguzo hizi zote ni marbre, marumaru ya Italia. Ilikuya na bateau mpaka bandari, ikapanda hapa na ng'ombe."

Nilizitazama nguzo. Mishipa ya kijivu ilipita katika rangi ya waridi, ikagawanyika, ikafifia. Mishipa ile nilikuwa naijua. Nyumbani tulikuwa na kabati la mbao ambalo baba alilipaka likafanana na jiwe, na alichorea unyoya wa kuku. Aliuchovya, akauburuta huku mkono ukitetemeka kwa makusudi, na mwishoni aliuzungusha kidogo kati ya vidole. Mshipa ulimalizikia kwa mkia mwembamba wenye kikunjo. Mikia ile ilikuwa hapa, mamia. Mama Odette alipogeuka nikaigonga nguzo kwa kidole, nayo ikalia mbao.

"Mama," nikamnong'oneza, "hii ni mbao iliyopakwa rangi."

"Mbao?" Akaangalia huku na huku, akaigonga mwenyewe, akaweka mkono mdomoni. "Eish! Miaka tisa naelezaka watu Italia, Italia!" Mabega yakamtikisika kwa kicheko. "Tafazali, usiseme mbele ya hawa. Wacha watoke kwanza."

Sauti yake ilipanda darini ikarudi. Neno lilitoka, likaenda, likarejea kwa mbali. Nikashika benchi nikakaa. Sauti ya baba kwenye kaseti ilikuwa na mwangwi huu huu. Hakuwa ndani ya simtangi. Alikuwa amekaa hapa, labda wakati wa chakula cha mchana, akiongea nasi, na sisi kule tulikuwa tunacheka.

Wale wazee walikwenda kutazama kinanda, nami nikainua kichwa kuitazama dari. Upande wa kulia malaika walikuwa na nyuso nzima, mashavu mekundu, midomo ikipuliza tarumbeta, wengine wakituchungulia sisi wa chini kama watoto wa jirani juu ya ukuta. Upande wa kushoto hapakuwa na uso. Mabawa yalikuwepo, tena mazuri, kila unyoya na kivuli chake, na mavazi yalipeperuka, lakini vichwa vyote vilitazama upande wa pili, ndani ya mawingu. Nilihesabu. Kumi na mmoja.

Sikulia papo hapo. Nilitoa simu nikapiga picha kumi au zaidi, za kwanza zikatoka zimetikisika.

"Kila mtu anaulizaka hapo," alisema Mama Odette, akiwa amesimama nyuma yangu. "Kwa nini hawa wamegeuka? Padri anasema wanamtazama Mungu. Ni jibu muzuri. Lakini miye ni msusi, naangalia nywele." Akanipa miwani yake nitazamie. "Angalia. Malaika wa kule wana nywele za kizungu, zinajikunja. Hawa wa huku wamesukwa. Ni twende kilioni, ile ya kwenu, mistari inatoka mbele inakwenda nyuma. Na mwenye kuchora hakujua kusuka hata kidogo! Njia ya katikati imepinda. Kwa wote kumi na moja imepinda mahali pamoja. Saluni kwangu ningemufukuza."

Nikatazama kupitia miwani yake. Nywele za dhahabu, mistari saba, na ule wa katikati ukifika karibu na shingo unakwepa kuume, unazunguka kitu, halafu unarudi kwenye njia yake. 

Nikiwa na miaka mitano nilianguka nikajipiga kwenye ukingo wa kisima. Nilibaki na kovu nyuma ya kichwa, mahali pasipoota nywele, na mama kila akinisuka aliupitisha msuko kando ya lile kovu ili lisionekane. Nikauchukua mkono wa Mama Odette, huyu mwanamke niliyemfahamu saa moja tu, nikauingiza chini ya mtandio wangu na kuuweka pale. Vidole vyake vya msusi vikalipapasa lile kovu mara moja, vikatulia. Akatazama juu. Akanitazama mimi.

"Mungu wangu," akasema taratibu. "Ni wewe. Wote ni wewe."

"Aliyechora ni baba yangu," nikasema, na hapo ndipo nilipolia, kwa sauti, kanisani mwa watu, mpaka wale wazee wa Kizungu wakageuka.

Saa sita mchana. Mama Odette hakuniacha niondoke. Alikwenda nyuma akarudi na Baba Mkhize, mzee mrefu Mzulu ambaye ametunza kanisa lile tangu ujana wake. Baba Mkhize alizungumza Kizulu kwa utulivu, na Mama Odette alitafsiri.

Alimkumbuka. Alisema palikuwa na fundi mkuu, mgeni kutoka ng'ambo, aliyeletwa kutengeneza dari baada ya paa kuvuja miaka mingi, na chini yake vijana wanne. Yule Mtanzania ndiye aliyekuwa na mkono mzuri kuliko wote. Alikuwa akiswali nyuma ya sakristia, chumba anachovalia padri, juu ya kipande cha boksi, na Baba Mkhize ndiye aliyempa boksi jipya kila la zamani lilipochakaa. Alipopewa malaika wa kuchora alisema nyuso hachori. Fundi mkuu akadhani ni uvivu, kisha akauona ule ubunifu wa kuwageuza, akaukubali.

"Lakini anasema ilikuya siku ya mwisho," Mama Odette alitafsiri, sasa polepole. "Ilibaki malaika moja, pale juu ya altare. Yule wa ng'ambo akasema, huyu wa altare lazima awe na uso. Ukimuchora, nakubeba kwa kazi ingine, nakutafutia karatasi za kukaa. Ukikataa, kazi imekwisha leo. Baba yako alisafisha burashi zote. Anasema alisafisha hata za wenzake. Akazipanga kwenye meza, akamupa mukono, akatoka."

Nikatazama juu ya altare. Palikuwa na wingu kubwa lililochorwa vizuri, na katikati yake hapakuwa na mtu.

"Pale nasemaka malaika ametumwa," alisema Mama Odette, akipangusa macho yake. "Wageni wanapendaka sana."

Kwa hiyo miaka yote ile, kule nyumbani, walikuwa wakimwambia ameuza dini yake. Kumbe kazi ndiyo aliyoiacha, pamoja na makaratasi, na maisha ambayo angetuletea. Alirudi mikono mitupu kwa sababu hiyo, na hakuwahi kutuambia sehemu hiyo. Labda alikuwa anaifikia. Labda ilikuwa ndiyo mwisho wa hadithi ambayo mimi nilimkatiza.

Jumapili alasiri nilirudi na Jumaa. Safari hii hakutaja zamu. Alisimama chini ya upande wa kushoto, kichwa nyuma, muda mrefu hata Baba Mkhize akamletea kiti. "Eish," ndilo neno pekee alilosema. Kisha akapangusa macho akalalamika vumbi, katika kanisa ambalo limefagiwa asubuhi ile ile.

Njia ya kurudi ilikuwa fupi kuliko ya kwenda, ndivyo nilivyoiona. Mama Odette alinipa kitenge na kuniahidi kwamba nguzo sasa ataziita za mbao, na fundi atamtaja kwa jina. Nilimwandikia kwenye daftari lake: Salehe, wa Tanga. Vilima vile vya nyasi kavu nilivipita nikiwa nimeshika simu yenye picha, kila mara naifungua kuhakikisha bado zipo.

Tanga, Ijumaa baada ya swala. Nilichagua siku hiyo kwa makusudi, kwa sababu baraza letu hujaa watu wanaotoka msikitini. Nilitoa kahawa, nikasimama mbele ya wazee kama mwalimu wao wote, nikaanza mwenyewe, "Kule Durban..." Baba akanyanyua macho. Nikasimulia yote, dhahabu, unyoya wa kuku, malaika waliogeuka, burashi zilizooshwa na lile wingu tupu. Simu ilizunguka kutoka mkono hadi mkono. Aliyekuwa akicheka zaidi ya wote kwa miaka yote hiyo aliirudisha, akamgeukia baba akamuuliza kama kahawa imemtosha. Kwa mtu kama yule hiyo ni toba.

Walipoondoka nikapiga magoti mbele ya baba nikamwomba radhi. Alinishika kichwa akaniambia niinuke, sakafu ni chafu. Kisha akavaa miwani, akazikuza zile picha kwa kidole. "Hapa buluu nilizidisha," akasema. "Na bawa hili nililikimbiza, lilikuwa la mchana wa Ramadhani."

"Baba," nikamuuliza, "mbona wote umewapa kichwa changu?"

 Aliweka simu juu ya goti.

"Siku naondoka ulinuna," akasema. "Mama yako alikuwa amekusuka asubuhi ile. Ulikaa pale kwenye kizingiti cha chumba, umeelekea ukutani. Nikakuita mara tatu. Gari likapiga honi, nikakuita tena. Hukugeuka." Akavua miwani akaifuta kwa kanzu. "Mimi nikikutafuta kichwani mwangu kule, miaka sita, kilichonijia ni hicho. Uso nilikuwa sina."

Siku ile siikumbuki. Nimejaribu tangu hapo, mara nyingi, na sioni kitu. Nilikwenda Durban nikidhani nakwenda kujua kama baba yangu ni mwongo, na nilichojifunza ni kwamba kulikuwa na mambo yangu mimi mwenyewe ambayo yeye peke yake ndiye aliyeyatunza.  Nilisogeza kiti changu, nikakaa nimemwelekea, naye akanitazama, akaendelea kunitazama, mpaka adhana ya alasiri ikaisha.